Kabla ya kuthibitisha, waache wabishane kwanza

Leo nimewaambia wanafunzi kila mtu achore pembetatu anayotaka, apime pembe zake alafu ajumlishe. Majibu yakaanza kumiminika, nyuzi 179, 181, 180, mmoja akaja na 183 na anaitetea kabisa. Sikusema nani kapata, nikawauliza tu, sasa tutajuaje?

Mi naona jometri inaanzia hapo. Kupima hakumalizi ubishi, manake hata ukipima pembetatu elfu bado ziko ambazo hujazigusa, na mstari wa penseli wenyewe una unene. Wakakata zile pembe tatu wakazipanga pamoja, zikakaa kwenye mstari ulionyooka, yaani nyuzi 180, furaha tupu, ila yule wa 183 akasema zake zimepandana kidogo. Ana haki ya kusema! Basi nikachora mstari mmoja tu, unapita kwenye ncha ya juu ya pembetatu na uko sambamba na kitako, nikanyamaza. Wakautazama weee mpaka binti mmoja akaona pembe mbili za chini zimejitokeza tena kule juu, moja kushoto moja kulia, na ile ya tatu imekaa katikati yao. Hajapima chochote, na ameshazimaliza pembetatu zote.

Pierre van Hiele na mkewe Dina, walimu wa Uholanzi, walishaliandika hili kwenye tasnifu zao za 1957: mtoto kwanza anatambua umbo kwa sura yake, baadaye sifa zake, baadaye anaunganisha sifa, ndo anakuja kwenye kuthibitisha. Mraba ukiuinamisha, wa ngazi ya kwanza anakwambia sio mraba tena. Huyo ukimwandikia uthibitisho ubaoni atakariri tu, na mtihani ukipita umeondoka nao.

GeoGebra, ile programu ya kuchorea maumbo kwenye kompyuta, naipenda pia, unavuta ncha huku na huku jumla inabaki 180, lakini inawaridhisha haraka mno, wanaona hakuna cha kuuliza tena, kwahiyo naileta baada ya makaratasi na kila mara naifuatisha na swali la "kwa nini?"

Kipindi kijacho wanachora pembenne yoyote, hata iliyobonyea ndani, waunganishe katikati ya kila upande na katikati ya unaofuata. Unatoka msambamba kila mara, yaani pembenne ambayo pande zake zinazotazamana ziko sambamba. Nitawaachia wabishane, wakikwama kabisa ntawaambia wachore ulalo mmoja, mstari wa kutoka kona moja hadi kona inayotazamana nayo.