Saa Nne Asubuhi Huwa Unafanya Nini?

Leo nimeketi kujaza ripoti ya mwisho wa mwaka ya asasi ninayoitumikia kwa kujitolea, na kwa kuwa nafasi waliyotuachia kwa ajili ya maelezo haitoshi zaidi ya sentensi mbili, yaliyobaki nayaandika hapa. Asasi yenyewe ni ndogo na haitafuti faida. Inawakutanisha wasichana wa sekondari na wanawake walio kazini, ili wasichana hao wapate mtu wa kumuuliza kuhusu masomo, vyuo na kazi kabla hawajafanya uchaguzi ambao baadaye ni vigumu kuutengua. Kila mlezi hupangiwa wasichana wanne, hukutana nao mara mbili kwa mwezi kwa muda wa saa mbili, na hutia saini ahadi kwamba hataondoka kabla ya mwaka kwisha. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Wasichana wangu walipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza walilirudia polepole, kisha wakatazamana.

Mkutano wa kwanza naukumbuka kwa aibu kidogo. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya dakika 20 kuhusu safari yangu: jinsi tulivyokuwa wasichana watatu tu darasani chuoni, jinsi nilivyovumilia kebehi, jinsi nilivyofika nilipofika, na mwishoni nikawaambia kwamba hakuna lisilowezekana kwa mwenye nia. Walinipigia makofi ya adabu, makofi ya watoto waliokwisha kuhutubiwa na wageni wengi wa aina yangu. Ndipo binti mmoja mrefu, aliyekaa nyuma na ambaye hadi wakati huo hakuwa ameandika hata neno moja katika daftari lake, akanyoosha mkono. "Samahani Madamu," akasema, "kwa mfano jana, saa nne asubuhi, ulikuwa unafanya nini?"

Nilikwama. Ukweli ni kwamba jana yake, saa nne asubuhi, nilikuwa nahesabu milango. Nilikuwa nimeinamia michoro ya jengo la ghorofa tatu, nikiihesabu milango yake kwa mara ya pili kwa sababu hesabu yangu ya kwanza haikulingana na orodha ya mbunifu wa majengo. Nilimjibu hivyo hivyo, nikitarajia kicheko, lakini badala ya kucheka walisogeza viti mbele. Kwa nini mtu mwenye shahada ahesabu milango? Kwa sababu kila mlango una fremu, bawaba, kitasa, rangi na ujira wa fundi, na ukisahau milango kumi katika mchanganuo wa gharama, ama mkandarasi atailipa kutoka mfukoni mwake ama atavutana na mwenye jengo mpaka kazi isimame. Kutoka kwenye milango tukaingia kwenye zege inayopimwa kwa mita za ujazo, nondo zinazopimwa kwa tani na lipu inayopimwa kwa mita za mraba, na jinsi jengo zima linavyoweza kujengwa kwenye karatasi, na kugharimiwa hadi msumari wa mwisho, kabla mtu hajachimba msingi. Yule binti mrefu akaanza kuandika.

Tangu siku hiyo nimekuwa na shaka na neno "kuhamasisha", ambalo linajaa katika nyaraka za asasi yetu na za asasi nyingine nyingi. Msichana wa miaka 16 hana upungufu wa hamasa. Amekwisha kuambiwa mara nyingi mno kwamba anaweza. Ambalo hajaambiwa ni kitu gani hasa anachoweza, kinafanywaje, na nani, kwa vifaa gani, na mtu anaanzia wapi. Katika mkutano wa pili niliwapa karatasi waorodheshe kazi zote wanazozijua zinazohitaji masomo ya juu. Karatasi zote nne ziliandikwa daktari, mwanasheria, mwalimu na muuguzi. Mbili ziliongeza rubani, na moja ikaongeza mhandisi. Nilimuuliza mwenye karatasi hiyo, "Mhandisi wa nini?" Akafikiri, kisha akajibu kwa unyofu, "Wa uhandisi."

Siandiki hayo kwa kuwabeza, kwa maana hali hiyo si yao peke yao. Takwimu za mwaka 2018 za PISA, yaani upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, zilizochambuliwa kwa nchi 41 na OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, zilionyesha kwamba asilimia 53 ya wasichana wa miaka 15 na asilimia 47 ya wavulana walitarajia kufanya moja kati ya kazi 10 tu zinazopendwa zaidi. Dunia ina maelfu ya kazi, na nusu ya vijana wamejipanga mbele ya milango kumi. Sioni kwamba ni uvivu wa kufikiri. Kijana huchagua miongoni mwa kazi anazoziona, naye huona zile ambazo mtendaji wake hukutana naye ana kwa ana, kama daktari, mwalimu na muuguzi. Aliyekadiria gharama za hospitali ile ile, aliyepima udongo wake na aliyebuni mfumo wake wa maji, hao hawaonekani kwa mgonjwa aliyelala wodini.

Nisijifanye kuwa nilikuwa mbele yao. Katika mafunzo ya siku mbili tunayopewa walezi kabla ya kuanza, mratibu wetu alitugawia karatasi tupu, akatuagiza tuchore mhandisi akiwa kazini. Tulikuwa wanawake 12, wote wenye taaluma, na saba kati yetu tulichora mwanamume. Nilikuwa mmoja wa hao saba, nami kofia ngumu ninayovaa mimi mwenyewe ilikuwa imelala ndani ya gari langu. Baada ya kicheko kupoa ndipo alipotusimulia juu ya utafiti ambao David Chambers aliuchapisha mwaka 1983: watoto 4,807 waliombwa kuchora mwanasayansi, na ni michoro 28 tu iliyoonyesha mwanamke, yote ikiwa imechorwa na wasichana. Uchambuzi uliotoka mwaka 2018, uliokusanya tafiti za miongo mitano nchini Marekani, ulikuta kwamba michoro ya wanawake imeongezeka sana tangu wakati huo. Hata hivyo ulikuta na jambo ambalo limenikaa akilini kuliko ongezeko hilo: wasichana wa miaka sita walichora mwanasayansi mwanamke katika takriban asilimia 70 ya michoro yao, lakini walipofika miaka 16 walimchora katika takriban asilimia 25 tu. Kwa hiyo wasichana tunaokutana nao sekondari waliwahi kumwona mwanamke huyo. Amefutika njiani.

Mwezi wa tatu ndio uliokaribia kunishinda. Ofisini tulikuwa na zabuni yenye siku ya mwisho isiyosogezwa, nikakosa mkutano mmoja, kisha wa pili, na mara zote mbili nikatuma ujumbe mfupi wa kuomba radhi, nikijiambia kwamba wasichana wana mambo mengi ya kufanya siku ya Jumamosi. Mratibu alinipigia simu. Hakunikaripia, aliniuliza tu kama nakumbuka sababu ya ile ahadi ya mwaka mmoja tuliyoitia saini. Nilikuwa nimeisahau. Sababu ni utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes wa mwaka 2002, uliofuatilia zaidi ya vijana 1,100 waliopangiwa walezi. Vijana ambao uhusiano wao na mlezi ulidumu mwaka mmoja au zaidi ndio waliopata manufaa makubwa zaidi, na manufaa hayo yalipungua kadiri uhusiano ulivyokuwa mfupi. Wale ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walionekana kushuka katika namna walivyojithamini. Kwa maneno mengine, mlezi anayeingia kwa kishindo na kutoweka baada ya wiki chache anaweza kumwacha kijana pabaya kuliko alipomkuta.

Niliporudi, binti mrefu alikuja bila daftari. Hakusema lolote, wala hakuninunia. Alikaa tu mikono ikiwa mapajani, kama mtu anayesubiri gari ambalo hana hakika kama litapita. Ilimchukua mikutano miwili mingine kulileta tena daftari hilo, nami sikuthubutu kuuliza lilikokuwa.

Kuhusu taratibu sina mengi ya kusema, ila kwamba nilizidharau mwanzoni na sasa nazitetea: ridhaa ya mzazi kwa maandishi, mikutano kufanyika mahali ambapo watu wengine wanaona, kutotoa zawadi wala fedha, na kutowasiliana na msichana kwa faragha nje ya utaratibu. Mtu mzima mwenye nia njema hapungukiwi kitu kwa kuzifuata.

Sehemu kubwa ya mwaka, kwa hakika, haikuwa na msisimko wowote. Tulisoma sifa za kujiunga na vyuo, tukianzia mwisho na kurudi nyuma: kazi hii inahitaji shahada gani, shahada hiyo inahitaji masomo gani, na masomo hayo yanaanza kuchaguliwa darasa lipi. Mmoja wao alitaka uuguzi huku akijiandaa kuacha kemia, na hakuna mtu aliyekuwa amemwonyesha kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja. Mwingine aliamini kwamba hisabati ni kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho au hukikosa. Huyo nilimletea barua ya matokeo ya mtihani wangu wa taaluma, ule wa kwanza, ambao nilishindwa. Aliisoma polepole, akanirudishia, akaniuliza kama nililia. Nilimwambia kwamba nililia siku mbili, kisha nikatafuta mtu wa kunifundisha sura nilizokuwa nimeziruka. Nadhani ni hapo walipoacha kuniita Madamu, nikawa Dada, ingawa siwezi kuitaja siku yenyewe.

Mwezi wa nane niliwapeleka eneo la ujenzi. Maandalizi yalikuwa ya barua tupu: kwa wazazi, kwa shule, kwa mkandarasi, kwa bima. Jambo ambalo hatukulifikiria katika barua zote hizo ni miguu. Buti za wageni zilizokuwa stoo zote zilikuwa za wanaume, na ndogo kuliko zote ilikuwa namba 42, hivyo tulitembea kutwa nzima wasichana wanne wakiwa wamejaza magazeti kwenye vidole. Nimekwisha kuingia maeneo ya ujenzi mara zisizo na idadi nikiwa na buti zangu mwenyewe, na sikuwahi kujiuliza mgeni wa kike huvaa nini.

Nilikuwa nimepanga kuwaonyesha jinsi ninavyolinganisha vipimo vya kwenye mchoro na kazi iliyofanyika, lakini binti mrefu alitupotea kwa dakika chache. Tulimkuta amesimama kando ya fundi sanifu wa maabara aliyekuwa akijaza zege kwenye vibweta vya chuma ili kupata michemraba ya kupimwa nguvu. Fundi huyo alimweleza kwamba baadhi ya michemraba hiyo hupasuliwa kwa mashine baada ya siku 7 na mingine baada ya siku 28. Kwa nini 28? Kwa sababu zege haikauki tu kama tope. Saruji na maji huungana kikemia, na muungano huo huendelea kwa muda mrefu, ukiwa wa kasi mwanzoni na wa pole baadaye, hivyo siku 28 zimekubalika kuwa kipimo cha kuihukumu. Alisimama hapo hadi tulipolazimika kumwita kwa ajili ya kuondoka.

Wiki nne baadaye, nikiwa hata sijavua mkoba begani, aliniuliza, "Dada, ile michemraba imepasuliwa?" Sikujua. Nilimpigia fundi simu hapo hapo, mbele yao wote, naye akatusomea matokeo: nguvu iliyotakiwa ilikuwa niutoni 25 kwa milimita ya mraba, na michemraba ilipasuka ilipofika 31. Binti akaandika tarakimu zote mbili. Kisha akaniambia, kwa upole wa mtu anayechelea kumuumiza mkubwa wake, kwamba kazi yangu ni nzuri, lakini yeye angechoka na makaratasi yake. Angependa kujua mtu husoma nini ili afanye kazi kwenye maabara ile.

Nakiri kwamba nilichomwa kidogo. Katika gari nikirudi nyumbani nilijikuta nikiitetea kazi yangu kwa sauti, peke yangu, mbele ya taa nyekundu.

Ripoti ya leo inauliza mambo mawili. La kwanza ni idadi ya wasichana waliohamasishwa, nami nimeandika 4, kwa kuwa kisanduku hakipokei maneno. La pili ni badiliko kubwa zaidi ulilolishuhudia mwaka huu. Hapo nimeandika: "Mmoja ameamua kwamba hataki kazi yangu, na anaweza kueleza kwa nini. Anaomba kukutanishwa na mtu wa maabara ya vifaa vya ujenzi." Nimeituma saa kumi alasiri. Saa kumi na moja mratibu amenipigia kuniuliza kama ningependa kuirekebisha sentensi ya kwanza kabla ripoti haijaenda kwa mfadhili. Nimemwomba aiache kama ilivyo, kisha tumetumia dakika zilizobaki kutafuta nani kati yetu anamfahamu mwanamke anayepasua zege.