RAM ya GB 8, kompyuta inaona GB 3 na kidogo

Nilipokuwa bado najifunza ufundi, niliongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwenye kompyuta ya mezani: vipande viwili vya GB 4. Nikaiwasha. RAM inayoweza kutumika ikasoma GB 3.2. Nikavichomoa, nikasugua meno yake kwa raba, nikavirudisha. Vilevile.

Kumbe RAM ilikuwa nzima. Mfumo endeshi, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, ulikuwa wa biti 32, na anwani za biti 32, yaani namba za kutambua kila sehemu ya kumbukumbu, huishia 4,294,967,296, kila moja baiti moja, yaani GB 4. Humo humo kadi ya picha na vifaa vingine navyo hudai nafasi yao. Prosesa yenyewe, ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya biti 64. Nikahifadhi mafaili ya mwenyewe kwanza, nikaweka Windows ya biti 64 upya kabisa, maana kutoka 32 huwezi kupandisha juu kwa juu. GB 8 zikaonekana.

Wewe unayeanza, nakusihi uujue mfumo endeshi kabla ya kushika bisibisi. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaopangia programu zamu kwenye prosesa, unaoongea na printa kupitia draiva, programu ndogo ya kuendesha kifaa. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone programu gani inakula nini. Mimi huanzia hapo.