Mpwa wangu anataka kuwa invesmenti banka, nikamwambia lete kwanza orodha ya kozi yuniti

Mtoto wa dada yangu kamaliza S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, kombi yake MEG (Maths, Economics, Geography), sasa yuko vakesheni anasubiri matokeo na kazi yake kubwa ni kukaa kwenye simu akiangalia video za vijana wa London wanaoamka saa kumi na moja alfajiri, wanavaa suti, wanapanda treni kwenda Goldman Sachs, ile benki kubwa ya uwekezaji. Jumapili kanikuta nje ya geti nakula rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), hata shikamoo hajamaliza kashaniuliza, mjomba, nisome uchumi chuo gani ili niwe invesmenti banka? Nikacheka, maana kule kambini Jinja nilikokulia (baba alikuwa mwanajeshi, ndiyo maana hata Kiswahili changu kina sauti ya paredi) mtu akisema anafanya kazi benki tulikuwa tunajua ni yule wa dirishani anayehesabu noti.

Lakini kicheko kikaisha haraka kwa sababu hilo swali mimi mwenyewe sikumuuliza mtu yeyote na nililipia.

Mimi nilisoma HEG (History, Economics, Geography). Maths niliitupa S4 na nikafanya sherehe kabisa, nikaingia chuo (sikitaji jina) kusoma digrii ya uchumi kwa sababu nilisikia uchumi ndiyo mlango wa pesa. Lekcha wa ekonometria, yaani kupima uchumi kwa takwimu, tulimuona labda mara nne muhula mzima, notisi tukanunua kwa watu wa fotokopi, tukakariri, tukafaulu, kila mtu akavaa joho mama akalia. Halafu nikaitwa intavyu kwa dalali mmoja wa hisa hapa Kampala, wakanipa mahesabu ya kampuni ya miaka mitatu, mapato, madeni, mtiririko wa fedha, wakasema una saa moja, tuambie hii kampuni ina thamani ya shilingi ngapi. Niliandika insha. Banange, insha! Nikaeleza mfumuko wa bei na sera ya fedha kurasa tatu na namba ya mwisho sikuweka. Kazi sikupata, na nilipokuja kupata kwingine ilikuwa ya kupanga fomu za wateja, Excel nikafundishwa na binti aliyesoma takwimu, miaka minne mdogo kwangu.

Kwa hiyo nilimwambia hivi, jina la digrii litakudanganya. Neno uchumi liko kwenye digrii nyingi na ndani hazifanani hata kidogo, kuna uchumi wa maelezo, maendeleo, sera, umaskini vijijini, ambao ni mzuri kwa anayetaka wizarani au mashirika, na kuna uchumi wa hesabu. Benki ya uwekezaji haikai ikikopesha mama wa sokoni, yenyewe inaisaidia kampuni kuuza hisa, kutoa hatifungani (kukopa kwa wawekezaji), kununua kampuni nyingine, na katikati ya hayo yote kuna mtu amekaa usiku na Excel anatafuta bei. Bei ikiwa juu watu hawanunui, ikiwa chini mwenye kampuni kaibiwa mchana.

Nikampa mfano wa hapahapa. Mwaka 2021 MTN Uganda waliuza hisa zao kwa umma kwa shilingi 200 moja, watu wananunua hata kwa simu, mwezi wa kumi na mbili zikaanza kuuzwa kwenye soko la hisa. Mwaka 2023 wakaja Airtel, wao shilingi 100, hisa bilioni 8 mezani, na zilizonunuliwa ni zaidi ya nusu kidogo tu. Wote wawili walikuwa wanatimiza sharti la leseni kwamba asilimia 20 ya kampuni iwe sokoni. Nikamtumia ule waraka wa matarajio wa Airtel, kitabu kinene kinachoeleza kampuni na hisa inazouza, ambacho wanunuzi wengi wa kawaida hawakifungui, nikamwambia soma kurasa za mahesabu tu. Siku mbili baadaye ananipigia, mjomba kwa nini waliandika 100, kwa nini si 70? Nikakaa kimya. Hilo ndilo swali lenyewe na kalileta mtoto wa MEG ambaye bado hata chuo hajaingia.

Sasa vyuo. Hapa nyumbani nilimwelekeza Makerere, sio kwa sababu ni ya mwaka 1922 na kila mzazi anaipenda, ni kwa sababu pale unaweza kuchagua kati ya uchumi wa kawaida, uchumi wa kihesabu ule wanaouita Quantitative Economics, takwimu, na Actuarial Science (hesabu za bima na hatari). Mimi ningeanza na huo wa kihesabu halafu takwimu ifuate. Mwambie mtu hivyo anakuona mwendawazimu, eti takwimu na benki wapi na wapi, lakini mtu wa takwimu ukimfundisha uhasibu mwaka mmoja anakwenda, mtu wa insha kama mimi kumfundisha hesabu akiwa na miaka 25 ni mateso kwa wote. Cha kuangalia ni kozi yuniti, yaani masomo yaliyo ndani ya digrii, za mwaka wa pili na wa tatu, kama kuna ekonometria kweli, kama kuna fedha za makampuni, kama unaruhusiwa kuchukua uhasibu. Isipokuwepo uhasibu basi uutafute nje, jioni, ukisoma CPA (cheti cha uhasibu) au CFA (cheti cha uchambuzi wa uwekezaji) polepole. CFA ina ngazi tatu na ni ghali kwa mfuko wetu, lakini mwajiri akiiona hakuulizi tena ulisoma chuo gani.

Akauliza, na London? Kumbe hapo ndipo moyo wake ulipo.

Nikamwambia ukweli kama ulivyo. Uingereza mabenki makubwa yanachota sana kutoka vyuo vichache, LSE (London School of Economics), Oxford, Cambridge, UCL, Warwick, Imperial, na LSE kwa digrii ya uchumi wanataka A* ya maths kwa wale wa A-level ya kwao, wala uchumi wenyewe hawalazimishi uwe umesoma. Umeona? Maths tena. Kingine kinachowapiga watoto wetu ni kalenda, digrii ya kule ni miaka mitatu, unafika Septemba hujajua hata basi la kwenda dukani na wenzako tayari wanatuma maombi ya zile wiki za majaribio za mwaka wa kwanza, anayepita pale anakuwa na njia nyepesi ya kupata intanshipu ya kiangazi baada ya mwaka wa pili, na intanshipu ndiyo kazi. Ukisema ngoja nizoee kwanza, treni imeondoka. Halafu ada, kwa mgeni LSE ni zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka, hiyo inavuka milioni 100 zetu na bado hujala wala hujalala. Dada yangu ana duka la vitenge, tusidanganyane.

Marekani ndiyo kichekesho, ada ni kubwa zaidi lakini vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vinapokea hata mgeni bila kuangalia mfuko wake na vinaziba pengo lote ambalo familia haiwezi kulipa. Kwa mtoto wa duka la vitenge Princeton inaweza kuwa bei rahisi kuliko chuo cha kawaida cha Uingereza. Shida ni mlango wenyewe, wanaingia wachache mno kutoka dunia nzima, kwa hiyo aombe kama mtu anayetupa ndoano, lakini maisha asiyasimamishe.

Njia ninayoiamini mimi ni ya kuzunguka. Asome hapa, atoke na alama za juu kabisa, afanye kazi miaka miwili mitatu kwa dalali wa hisa au kitengo cha fedha za makampuni kwenye benki, halafu aombe Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza, kwa ajili ya masta. Wale wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili na wanalipa kila kitu, ada, ndege, pesa ya kula, ila ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Akasema aaa mjomba, kurudi tena? Nikamwambia huku pia kuna kazi ila usiifikirie kama ya kwenye video, soko letu la hisa lilianzishwa 1997 na hadi leo kampuni zilizoorodheshwa hazifiki hata ishirini, na baadhi ni za Nairobi zimekuja kujiandikisha mara ya pili. Dili ni chache. Kampala nzima watu wa kazi hii karibu wote wanajuana, mkikosana kwenye mkutano mmoja mtakutana kwenye dili inayofuata. Ndiyo maana nilimwambia aitazame Nairobi pia, pale Strathmore wana digrii za uchumi wa fedha na uhandisi wa fedha, na soko la kule lina pumzi zaidi kidogo kuliko letu, na basi la usiku linakufikisha asubuhi.

Jana kaniletea karatasi kaandika mwenyewe kwa mkono, kwanza Quantitative Economics, pili takwimu, tatu Actuarial Science. Uchumi wa kawaida kaufuta kwa mistari miwili, nadhani kwa heshima yangu. Mama yake bado anataka asome sheria, kanipigia saa nne usiku ananiuliza nimemlisha nini mtoto wake, na hilo sijalimaliza, Jumamosi naenda dukani kwake kulimaliza.