Kitabu cha Kadogo na kikao cha saa tisa usiku

Jumapili jioni, Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda, huku mtaa wa Base Camp. Sola imechoka mapema maana mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, simu iko asilimia 31 na naandika hivohivo, ikizima ntamalizia kesho.

Yaya, yani dada yangu mkubwa, ana kikao Jumanne. Sio changu, lakini wiki mbili hizi usingizi umenikimbia kama ni mimi ntakayekaa pale kuulizwa. Yuko Toowoomba, Australia, na mwanae Kadogo, waliondoka hapa na risetelmenti, ule mpango wa kuhamishia wakimbizi nchi nyingine, sasa mwaka na kitu. Kadogo ana miaka 10, ana mtindio wa ubongo, hatembei, na maneno yake wanaoyaelewa tunahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja.

Kikao chenyewe ni cha kupanga msaada wake kwenye ule mpango wa serikali yao unaoitwa NDIS, ulianza 2013. Mtu mwenye ulemavu akishakubaliwa wanakaa naye, wanaandika plani, na ndani ya plani kuna bajeti ya huduma zake. Hapa Uganda ninachokijua mimi ni ile pesa ya serikali ya vikundi vya watu wenye ulemavu, mnajiunga mnapewa mtaji wa kufanya biashara, ni kitu kizuri ila mtaji haumwogeshi mtoto. Hii ya kule ni nyingine kabisa. Barua ya kukubaliwa ilipofika nikadhani yaya atapiga vigelegele, kumbe sauti ilikuwa ya mtu aliyeitwa polisi.

Alichotaka kwangu ni kitabu. Mliopita hospitali za huku mnajua, kitabu cha matibabu ni daftari la shule tu, unanunua dukani, unaandika jina juu, na kila ukienda wanaandika humo. Cha Kadogo kilibaki kwenye sanduku langu siku ile wanaondoka, kwa haraka ile nani angekumbuka. Nimekitoa, panya wamekula kona moja lakini maandishi yapo. Nikaanza kupiga picha ukurasa kwa ukurasa namtumia WhatsApp, bando likakata ukurasa wa 17, nikaenda kwa jirani kukopa.

Na kwa kusubiri bando ndo nikakaa nikasoma. Homa na degedege akiwa na miezi 8, ule usiku wa ambulansi mpaka Mbarara. Miezi 14, hakai mwenyewe. Miaka 2, hasimami, mkono wa kulia umekaza. Mwandiko kama kuku kapita kwenye majivu lakini tarehe zinasomeka. Kila ukurasa nilikuwepo, nimeshika pochi ya yaya au chupa ya maji, na nusu ya mambo nilishayasahau. Kule wanataka ripoti za sasa za wataalamu wao, za mtu wa fizio, yani mazoezi ya viungo, na yule anayepima anavyokula, anavyovaa, kifaa gani kinamfaa, kwahiyo daftari letu halitaamua kitu peke yake. Lakini yaya anasema akilishika hata kwa picha anakumbuka, asije akaulizwa ilianza lini akabaki anatazama dari.

Jana usiku tukafanya mazoezi. Mimi nikajifanya mpangaji, yule afisa wa NDIS anayeandika plani, nikakaza sauti, nikamuuliza mama tueleze siku yenu ya kawaida. Akajibu, "Tunaamka, namwogesha, anakula, anaenda shule, tunamshukuru Mungu." Basi. Sekunde kumi! Nikamwambia yaya ukisema hivo watakupa hongera na watafunga faili.

Tukaanza upya. Usiku uliamka mara ngapi? Tatu, kumgeuza. Kula kunachukua muda gani? Dakika 50, ukimharakisha anapaliwa. Bafuni nani anambeba? Mimi. Ana kilo ngapi? 27. Mgongo wako? Akacheka. Na ukiugua wewe, nani anamshika? Hapo akanyamaza mpaka nikadhani netiweki imekata.

Nimelifikiria hilo leo kanisani wakati wenzangu wanaimba. Nilikuwa namlaumu moyoni kwamba anajikaza kupita kiasi, lakini yani akisema "ni kidogo tu" hadanganyi, hapa kweli kilikuwa kidogo. Asubuhi nilikuwa namwogesha mimi, mama wa nyumba ya pili anampa uji, kijana wa boda anampakata mpaka kliniki na mara nyingi hataki hela, jioni watoto wenzake wanamsukuma kwenye kile kigari mpaka uwanjani akaangalie mpira. Mzigo tuliugawana mpaka hakuna aliyejua una kilo ngapi. Kule amebaki nao mwenyewe ghorofa ya kwanza na bado anautaja kwa uzito wa hapa. Na hilo ndo swali lao kubwa, msaada gani anaupata bure kwa familia na marafiki, maana plani inakuja kuziba pale ambapo hao hawafiki. Nikamwambia andika ukweli, andika hakuna. Akasema, "Niandike hakuna wakati ninyi mpo?" Mama mdogo wa WhatsApp haamki usiku kumgeuza mtoto, yaya.

Tumeandika vingine pia, haraka haraka. Kila jambo alilinganishe na mtoto mwingine wa miaka 10, kwa sababu kazi ambayo mzazi yeyote angemfanyia mtoto wa umri huo NDIS hailipi, ila mtoto wa miaka 10 anajivalisha suruali mwenyewe, anajipeleka chooni, hapo tofauti inaonekana bila kulia. Chakula na kodi ya nyumba asiviombe, havimo. Pampasi aziombe. Kiti cha magurudumu kinachomtosha, maana alichonacho magoti yanagonga. Kubadilisha mlango wa bafu ni mpaka mwenye nyumba akubali. Kuhusu pesa kuna njia tatu, uisimamie mwenyewe, wakala wa serikali aisimamie, au kuwe na mtu wa katikati anayelipa bili kwa niaba yako, na yaya kasema hiyo ya katikati kabla sijamaliza sentensi kwa sababu anaogopa deni la serikali kuliko simba. Na plani ikitoka asiporidhika ana miezi 3 ya kuomba waipitie upya, hilo nimemfanya alirudie mara mbili.

Mkalimani ni wa bure, wa simu. Wa mara ya mwisho alikuwa na Kiswahili cha pwani safi kabisa, yaya anasema alihitaji mkalimani wa kumwelewa mkalimani. Safari hii ameomba kabisa mtu anayejua Kiswahili cha kwetu cha Kongo.

Ilobaki ni malengo. Wanaanza na malengo, mtoto anataka nini kwenye maisha yake. Yaya alikuwa ameshaandika: apate mazoezi, mkono ulegee, asome. Nikauliza, umemuuliza mwenyewe? Kimya tena. Miaka 10, vitabu viwili vya hospitali, mahojiano ya wakimbizi nisiyoyakumbuka idadi, na sidhani kuna aliyewahi kumuuliza. Mimi mwenyewe pia.

Akamgeuzia simu. Kadogo akatazama kamera, akakaza shingo vile anavyokazaga neno likiwa njiani, ikachukua muda, nikamwona yaya anataka kumsaidia nikamwonyesha kidole asubiri. Neno likatoka, yaya akatafsiri huku anacheka, anasema anataka kupiga simu. Kumpigia nani? Mimi. Mwenyewe, bila mama kushika simu, na mama atoke chumbani!

Yaya anataka kuliondoa, eti wataona ni utoto, watu wanaomba vitu vya maana. Tumebishana hapo karibu nusu saa. Mimi nasema kuna vifaa vya kuzungumzia, vya kubonyeza hata kwa jicho, na mtu wa mazoezi ya kuongea anaweza kumpima kama kitamfaa, mkiliweka lengo kwa maneno ya mtoto mwenyewe nadhani litamkaa yule mpangaji kichwani kuliko "mkono ulegee". Mwisho akaandika. Kaliweka namba 4, chini ya shule. Nimemtumia meseji leo mchana alipandishe liwe la kwanza, tiki mbili za buluu, hajajibu.

Kikao ni saa nne asubuhi kwao, huku kwetu itakuwa saa tisa usiku. Kanambia nilale tu, atanipigia kukicha.

Asilimia 9. Kesho naipeleka ikachajiwe senta mchana kutwa, na alamu nimeshaiweka saa nane na nusu.