Hakuachiwa, anatumikia adhabu

Mdogo wangu hakupelekwa gerezani. Hakimu alimpa huduma kwa jamii: asubuhi anafanya usafi kwenye zahanati ya kata, hapahapa Mtwara, bila malipo, kisha anarudi kulala nyumbani. Sheria ya mwaka 2002 inaruhusu hivyo kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu. Majirani wananuna, eti ameachiwa. Ameachiwa wapi? Anasaini daftari, na akitoroka kazi anarudishwa mahakamani.

Kosa lenyewe lilitokana na nipa, hii gongo yetu ya mabibo. Na ufagio hautibu ulevi, jamani. Siku za mwanzo mikono ilitetemeka hadi chai inamwagikia kifuani, shuka zima jasho. Shangazi akataka afungiwe chumbani mpaka pombe imtoke. Nikakataa. Mlevi wa miaka mingi akikatishwa ghafla anaweza kupata mishtuko kama ya kifafa, hata akafa. Tukampeleka hospitali, akapewa dawa, akaanza kuonana na mshauri.

Na nyie mnaonitumia meseji "mpeleke methadoni", ile ni dawa ya waraibu wa heroini na dawa nyingine za jamii yake. Kwa pombe haihusiki.

Shida sasa ni msimu. Mabibo yameiva, uraka, pombe ya mabibo isiyokenekwa, unauzwa njia nzima ya kwenda zahanati. Afisa uangalizi wake, mama mmoja asiyecheka ovyo, kamshauri apite ufukweni. Ni kuzunguka kweli, lakini anapita. Juzi kachelewa kurudi, roho ikaniruka, nikapanda bodaboda kumfuata. Nikamkuta anabishana bei ya pweza.