Kange unakula kwa saa

Nilipohama Ngamiani, katikati ya mji wa Tanga, kuja Kange huku pembeni ya mji, mwezi wa nane mwaka jana, kila mtu aliniuliza habari za maji, umeme, usafiri wa kwenda kazini, hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtakula wapi, na mi mwenyewe sikuliwaza kabisa hilo maana ukikaa Ngamiani chakula sio kitu cha kuwaza. Kule ukitoka tu mlangoni barabara ya 12 hujafika ya 13 ushampita mtu wa mihogo, ushampita wa kachori, bi mkubwa ameshafunua sufuria lake la mbaazi, na ukipita kimya unaitwa, “we mwana, leo huli?” Miaka sita nimeishi hivyo. Natoka kazini saa kumi na moja jioni nimechoka, mwanangu ana njaa, navuka barabara narudi na sahani, basi yameisha.

Kange nilifuata kodi. Vyumba viwili na jiko na choo cha ndani kwa bei ambayo mjini ningepata chumba kimoja na choo cha kushea, na mtoto yuko darasa la pili sasa anahitaji pa kufanyia homuweki, kwa hiyo sikujiuliza mara mbili. Ila wiki mbili za kwanza aisee tuliteseka. Mgeni yeyote wa Kange macho yake yanaenda stendi, ndo kituo kikuu cha mabasi kile, pana watu, pana taa, pana mabango ya chipsi kuku na wali samaki, we unaona chakula si hiki hapa bwana. Siku ya tatu nikaingia sehemu moja maeneo hayohayo, nikaagiza wali samaki sahani mbili, nikalipa elfu kumi na mbili. Wali wa moto juu wa baridi chini. Samaki kakaangwa akarudiwa kukaangwa mpaka mwiba unavunjika kama biskuti, na mafuta yake yana ile harufu ya mafuta ya siku nne. Mwanangu akala viazi vya pembeni akaniambia mama mi nimeshiba, na najua hakushiba.

Nililia usiku ule, nisiseme uongo. Elfu kumi na mbili kwangu mimi ni hela ya siku mbili.

Baadae ndo nikaelewa. Pale mpishi anampikia abiria, na abiria kesho yuko Dar au Arusha au Lushoto, akiudhika ameudhikia kwenye basi, harudi kukwambia. Mtu anayempikia jirani yake hawezi kufanya hivyo hata siku moja, kesho asubuhi mtakutana bombani. Kwa hiyo nikaacha kutafuta chakula barabarani nikaanza kukitafuta ndani mtaani, kwenye nyumba za watu, na hapo ndo shida ya pili ikaanza maana ndani mtaani huoni kitu. Hamna bango wala kibanda, we unapita saa tano asubuhi unaona nyumba tu na kuku na nguo kwenye kamba, unarudi nyumbani unasema huku hamna kitu.

Aliyenifungua macho ni fundi aliyekuja kunitengenezea kitasa. Nikamuuliza kaka nyie mafundi huku mnakula wapi, akanijibu, “Dada, usiulize wapi. Uliza saa ngapi.”

Nikaanza kuamka mapema. Saa kumi na mbili kasoro, giza bado halijaisha vizuri, nyumba ya nne kutoka kwangu, ile ile ninayoipita kila siku naona mlango umefungwa, nikakuta bi mkubwa kakaa kwenye kigoda uwani, jiko la mkaa mbele yake na chuma cha vitumbua chenye vishimo saba. Nikasimama kumwangalia kwanza. Anatia mafuta kijiko kimoja kimoja kila kishimo, anasubiri yaanze kucheza, anateka uji wa mchele kwa upawa anamimina, kinalia tss, pembeni kinaanza kuwa rangi ya dhahabu katikati bado maji, hapo anachukua spoku ya baiskeli aliyoinyoosha ncha anachokoa ubavuni, kitumbua kinajigeuza chenyewe kama mtu aliyelala. Haangalii hata. Anaongea na wewe, mkono unajua. Nikamwamkia, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, wa wapi wewe? Nikamwambia nimehamia nyumba ile yenye geti la bluu. Akasema, “Wiki mbili nakuona wanunua mikate ya dukani, nkasema huyu mgeni hajaambiwa.”

Vitumbua vyake mia mbili kimoja. Mchele analoweka usiku, anausaga na nazi, anatia hamira na iliki, unaumuka mpaka alfajiri, na ukikipasua ndani kina vitundu vitundu kama asali kwenye sega na harufu ya nazi inakupanda puani. Saa mbili kasoro vimekwisha, jiko linazimwa, geti linafungwa, na ukipita saa tatu utaapa hapajawahi kupikwa kitu pale.

Basi mtaa mzima uko hivyo. Alfajiri vitumbua. Saa moja mpaka saa tatu kuna dada mmoja upande wa pili wa kiwanja ana mbaazi za nazi na maandazi, mbaazi za mia tano zinamshibisha mtoto, na huyu dada nampenda kwa sababu haendi haraka na tui, anachemshia mbaazi kwenye tui jepesi mpaka ziive kabisa ndo anamalizia tui zito moto mdogo, haligandi halikatiki, unaona mchuzi ule mweupe umekolea. Wengine wanamwaga tui zito mapema na moto mkubwa, linakatika, mafuta huku maji huku. Saa sita mpaka saa nane mama ntilie wa mafundi, huyu yuko chini ya mkorosho kwenye nyumba zinazojengwa, na akihamia jengo lingine mafundi wanahama nae. Saa kumi kachori na bajia. Jioni mihogo ya kuchoma, pweza, mishkaki. Saa tatu usiku chapati za mtu mmoja ambaye kwa kweli mpaka leo sijajua analala saa ngapi.

Kwa mama ntilie ntakaa kidogo maana huyu ndo ameniokoa hela. Ugali dagaa na mboga elfu mbili, wali maharage na mboga elfu mbili, wali samaki elfu tatu, na ukija na chombo chako anakujazia zaidi kidogo, kwa sababu mwenyewe anasema vyombo vya kubebea ndo vinamla faida, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 2019 kila kifungashio anakinunua kwa bei. Mi sasa natembea na hotpoti kwenye begi kama mwanafunzi. Mboga zake ndo usiseme. Na hili sikulijua wakati nahama, kwamba Kange tuko kwenye barabara inayotoka Segera na Muheza, kwa hiyo magari ya mboga kutoka Lushoto na machungwa ya Muheza yanatupita sisi kwanza kabla hayajafika mjini, na baadhi yanashusha hapahapa. Kabichi, karoti, hoho, vinafika bado vina umande. Ukifika msimu wa machungwa ndo usiulize, watu wanauza kwa ndoo.

Samaki ndo kinyume chake. Samaki wanashuka Deep Sea, soko la samaki huko mjini, wanatufikia kwa bodaboda na baiskeli, kwa hiyo ukitaka kula samaki mzuri huku lazima ujue siku. Na siku zenyewe zinaenda kwa mwezi wa angani, wala sio wa kalenda. Hili najua watu wa Tanga wengi mnalijua ila walioletwa na kazi kama majirani zangu wawili wa kutoka bara wanashangaa mbona leo pweza wa mia tano mkubwa wiki ijayo kadogo hivi. Pweza wengi wanapatikana bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanakupwa mbali miamba inabaki wazi, watu wanatembea kwa miguu na vijiti wanawatoa kwenye mashimo, wanawake wengi sana wanafanya kazi hiyo. Maji mafu, yaani siku za katikati ambazo maji hayakupwi mbali, hamna miamba ya kutembelea, kwa hiyo pweza ni wa kuzamia, bei inapanda. Dagaa nao wanataka giza, boti zinawavua kwa taa usiku, mbalamwezi ikiwaka taa haina maana na boti nyingi zinapumzika. Kwa hiyo mwezi mpevu kula pweza, acha dagaa. Mwezi ukiwa umepotea na mpya unaandama, hapo kula vyote viwili mpaka ushangae.

Kijana wa pweza wa huku kwetu anakuja na meza yake saa kumi na mbili jioni, karibu na msikiti, taa moja ya betri. Pweza kamchemsha nyumbani kwa maji yake mwenyewe mpaka amegeuka rangi ya zambarau, anamlaza kwenye ubao, anakata mkono kwa kisu chembamba vipande vinalingana kama sarafu, anakupa kijiti cha meno, unachovya kwenye pilipili ya ndimu. Supu anamimina kutoka kwenye birika kwenye kikombe kidogo, chumvi, ndimu, basi, haweki makorokoro. Mwanangu alianza kwa kuogopa vile vikombe vya kwenye mkono wa pweza, sasa hivi ndo anavichagua, anasema vinatafunika. Na yule kijana akiwa na pweza wa jana anasema. Aliwahi kuniambia, “Dada leo usichukue, huyu kalala kwenye barafu siku mbili, njoo kesho kutwa.” Nimekuwa mteja wake wa kudumu kwa sentensi hiyo moja.

Ramadhani ndo nilimaliza kuujua mtaa. Mchana kimya, majiko yote yamezimwa, halafu ikifika saa kumi alasiri kila baraza ina meza. Nyumba ambazo miezi sita sijawahi kujua kama wanauza kitu zimetoa masufuria nje: muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati, uji wa pilipili manga. Nilizunguka siku kumi za mwanzo nanunua kidogo kidogo kila nyumba, mia tano huku mia tano kule, naonja, naamkia, naulizwa wa wapi, na nikiwapenda nauliza, mfungo ukiisha mnauza nini? Wanne kati yao bado nawafuata mpaka leo. Mmoja ni mama wa Kidigo, Jumapili tu, anasonga bada, ule ugali wa muhogo unaovutika, na mchuzi wa samaki wa nazi na mboga ya mchunga pembeni. Mchunga ni mchungu kweli lakini kwenye nazi ule uchungu unatulia unabaki nyuma ya ulimi tu, na bada inaubeba. Lazima umwambie Ijumaa, maana anapika wa watu kumi na mbili, hazidishi. Nilimuuliza mbona asiongeze na watu wanarudi bila kupata, akasema sufuria ni lile.

Nimesema natazama nini kabla sijakaa mahali? Sijasema. Natazama mafuta kwanza, kama yamekuwa meusi naondoka. Natazama maji ya kuoshea vyombo yanabadilishwa au ndo yale ya asubuhi. Na natazama nani anakula, nikikuta mafundi na bodaboda wa hapohapo, na mtoto katumwa na bakuli kutoka nyumbani, nakaa. Bakuli la kutoka nyumbani linanipa imani kuliko vyote maana hakuna mzazi anayemtuma mwanawe kwenye chakula asichokiamini.

Hela? Ngamiani nilikuwa natumia kama elfu saba kwa siku sisi wawili, na nikawa nadhani nikihamia pembeni itapanda. Wiki zile za stendi ilipanda kweli ikafika kumi na zaidi. Sasa hivi chai ya asubuhi mbaazi na vitumbua elfu moja na mia tano inatutosha, mchana mtoto anakula shule mi nabeba hotpoti, jioni elfu mbili au mbili na nusu, siku ya pweza inazidi kidogo. Haivuki elfu sita. Na nala vizuri, hilo ndo naomba mlielewe wenzangu mnaohamia Kange, Pongwe, Mwakidila na kote huko pembeni mnaoandika kwamba huku ni chipsi tu. Hamjaamka mapema, na hamjapita jioni kwa miguu. Mnapita na bajaji mpaka getini.

Upepo wa kusi ushaanza, bahari imechafuka, samaki wamepanda bei na yule kijana wa pweza kuna siku haji kabisa. Bi mkubwa wa vitumbua nae juzi alikuwa na homa, chuma kikakaa siku mbili bila moto, na mtaa mzima tukawa tunaulizana bombani mgonjwa anaendeleaje. Jana kaamka. Mwanangu alisikia harufu kabla yangu, akavaa ndala mguu mmoja yake mguu mmoja yangu, akatoka na bakuli mbio, akarudi navyo kumi, na vingine viwili juu yake ambavyo hakulipia, kaambiwa hivyo ni vya kumjulia hali bibi.