Mkabala wa Chumba Chake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna swali limenikaa rohoni. Tulipotangaza kwenye jumuiya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ndugu mmoja aliuliza kwa upole kabisa, "Kodi tunalipa, halmashauri ipo, kwa nini tena sisi tukazibue mtaro?" Hakuwa mkorofi. Mimi mwenyewe swali hilo hunijia. Mtaro tunauzibua leo, mvua haijanyesha mara mbili umeshajaa chupa na pampasi, na waliozitupa wamekaa barazani wanatutazama tukiinama. Inachosha, jamani.

Nikarudi kwenye kitabu cha Nehemia katika Biblia. Wengi tunaipenda sura ya 1, kule anakolia, anafunga na kuuombea mji wake. Sura ya 3 tunairuka kwa sababu imejaa majina ya waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu. Isomeni taratibu. Wafua dhahabu wamo. Watengeneza manukato wamo, watu waliozoea kushika marashi, sasa wameshika mawe. Shalumu, kiongozi wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, yupo kazini pamoja na binti zake. Malkiya naye ni mkuu wa eneo zima, na kipande alichojenga ni lango la jaa! Kumbukeni pia kwamba mfalme wa Uajemi alikuwa ameshatoa kibali, na miti kutoka msitu wake. Serikali ilichangia, na bado wananchi walitoka.

Anayenigusa kuliko wote ni Meshulamu mwana wa Berekia, mstari wa 30. Wenzake wengi wanatajwa wakijenga mbele ya nyumba zao. Yeye alijenga mkabala wa chumba chake. Chumba, wapendwa! Wapangaji wenzangu, mnanisikia? Sisi ambao mkutano wa mtaa ukiitishwa tunasema, "Mimi hapa napita tu, ataenda mwenye nyumba." Tunapita mwaka wa sita sasa, watoto wamezaliwa hapo, wanasoma hapo, na mbu wa mtaro ule hawaulizi nani ana hati. Tena Meshulamu alikuwa ameshajenga kipande kingine, mtamwona kwenye mstari wa 4. Ndugu yangu, kama Mungu amekupa chumba kimoja cha kupanga, basi amekupa na kipande cha nchi kilicho mbele ya mlango wake. Usingoje kiwanja chako ndipo uanze kuipenda Tanzania.

Waliokataa nao wapo. Wakuu wa mji wa Tekoa hawakutia shingo zao kazini. Lakini Watekoi wa kawaida hawakuwangoja. Ukifika mstari wa 27 unawakuta tena, wanajenga sehemu ya pili. Hapo ndipo uchovu wangu ulipopata dawa. Ukuta ule ulikwisha kwa siku 52, na wale wakuu hawakunyanyua jiwe.

Wazee wetu hawakuhitaji kuelezwa haya. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, chama cha TANU kilisema Uhuru na Kazi, na watu wakajitolea kujenga shule na barabara za vijiji vyao. Upareni wana msaragambo wao, kazi ya pamoja ya kujitolea, hadi leo.

Sasa nirudi kwenye kodi, maana ndugu yetu ameigusa na siwezi kunyamaza. Kweli tunalipa? Muuzaji anakuuliza, "Na risiti au bila risiti?" Unachagua bila, bei ishuke. Halafu Jumapili unapiga magoti kuombea zahanati ipate dawa! Na wewe mfanyabiashara unayeimba kwaya, mashine yako ya risiti imeharibika tangu lini? Fungu la kumi unalitoa kwa uaminifu, Mungu akubariki, lakini Warumi 13:7 inasema mtu wa kodi, kodi. Mtu wa ushuru, ushuru. Paulo hakuweka punguzo kwa waliookoka.

Jumamosi tunaanza saa 1 asubuhi. Mwenye koleo aje nalo, mwenye toroli atuazime. Wazee na wagonjwa, tuombeeni mkiwa nyumbani. Wenye migongo mizima tutaombea mtaroni. Tukimaliza, kabla watu hawajatawanyika, tumwombe mwenyekiti wa mtaa atupangie siku ya mkutano, tukaulize kwa adabu kwa nini gari la taka halipiti.